SOMO: REJISTA YA KOMPYUTA INAPOKATAA KUFUNGUKA SIKU YA MIZANI

Na uchukuliwe mfano wa chama cha msingi kinachotunza rejista ya mizani katika kompyuta moja iliyomo ofisini. Kompyuta hiyo ndiyo iitwayo seva: programu ya rejista imo ndani yake, na karani wa mizani huifikia kutoka kompyuta ya pili kwa njia ya mtandao wa ndani ya ofisi, pasipo haja ya intaneti. Juma lililopita aliitwa fundi kurekebisha uchapaji wa stakabadhi. Fundi akaona programu zimechakaa, akazifuta, akaziweka upya. Leo ni siku ya ununuzi. Wakulima wamepanga foleni tangu alfajiri, karani anafungua ukurasa wa rejista, naye anajibiwa kwamba muunganisho umekataliwa. Simu ya fundi haipatikani.

Jambo la kwanza la kufanya halihusu kompyuta hata kidogo. Ununuzi na uendelee kwa stakabadhi za karatasi, kwa tarehe na saini, kama ulivyofanywa miaka yote. Mkulima aliyejitwisha gunia hawezi kuambiwa arudi nalo kwa sababu ya programu asiyoijua. Kitabu cha stakabadhi chenye nakala hakina budi kuwamo mezani hata kama chama kina kompyuta kumi. Katibu aliyekitia stoo akidhani zama zake zimepita amekiweka chama rehani kwa fundi.

Jambo la pili ni kuzihifadhi kumbukumbu kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Yapasa kutofautisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Programu ni chombo cha kuandikia; kumbukumbu za uzito na malipo ndizo maandishi yenyewe, na katika programu ndogo za aina hii mara nyingi hukaa katika faili moja tu, tena pengine ndani ya folda ile ile ya programu. Programu ikipotea hupatikana nyingine. Kilo za wanachama zikifutika hazipatikani popote. Kwa hiyo shauri la “futa yote tuanze upya”, ambalo hutolewa upesi sana na vijana wenye haraka, lisikubaliwe kabla faili la kumbukumbu halijanakiliwa kwenye flashi na flashi hiyo kufungiwa kabatini.

Ndipo uchunguzi uanze. Neno “muunganisho umekataliwa” lina maana yake. Ni kama mgeni aliyepiga hodi katika ofisi ambayo karani wake hajafika: jengo lipo, njia ipo, lakini hakuna wa kuitika. Aghalabu waya haujakatika, wala salio la intaneti halihusiki; programu ya seva ndiyo isiyofanya kazi. Lau ukurasa ungefunguka na kuonyesha kosa lenye namba 500, ingekuwa karani yupo lakini amekwama katikati ya kazi. Hizo ni shida mbili mbalimbali.

Basi katibu aende kwenye seva yenyewe, aiwashe programu kwa amri ya kila siku, na atazame dirisha jeusi la maandishi. Mistari mingi itashuka kwa kasi, nayo hutisha. Lakini maandishi hayo husomwa kuanzia chini: mstari wa mwisho hutaja kosa, na iliyo juu yake huonyesha njia iliyopitiwa mpaka kulifikia. Katika mfano huu mstari wa mwisho unaanza hivi:

ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'

Maana yake ni kwamba programu moja imekwenda kuazima chombo kiitwacho url_quote kwa programu nyingine iitwayo Werkzeug, ikaambiwa kwamba chombo hicho hakipo. Mstari huo na unakiliwe herufi kwa herufi katika daftari. Kumweleza fundi kwamba “kompyuta imegoma” hakumsaidii lolote. Mstari huo humpa karibu kila kitu anachohitaji.

Kosa hili si la kubuni, na chanzo chake chafahamika. Rejista ya mfano huu imejengwa juu ya programu iitwayo Flask, toleo la 2.2.2 la Agosti 2022. Flask nayo haijitoshelezi. Humtegemea Werkzeug, jina la Kijerumani lenye maana ya kifaa cha kazi. Toleo hilo la Flask liliagiza lipewe Werkzeug 2.2.2 au jipya zaidi, pasipo kutaja mwisho wa upya huo. Aprili 2023, katika toleo la 2.3, watengenezaji wa Werkzeug walitangaza kwamba url_quote na wenziwe wataondolewa. Tarehe 30 Septemba 2023 likatoka toleo la 3.0, nao wakawa wameondolewa kweli. Tangu siku hiyo, kila aliyeiweka upya Flask ya zamani bila kutaja toleo la Werkzeug aliletewa jipya lisilopatana nayo. Programu za watu wengi duniani zilisimama kwa sababu hiyo, ingawa wenyewe hawakuwa wamebadilisha neno hata moja katika kazi yao.

Hapa ndipo penye somo kwa chama. Katika orodha ya programu zinazohitajiwa, fundi wa kwanza aliandika Flask na namba yake, akaacha Werkzeug. Ni kama fomu ya mkopo iliyojazwa jina la mkopaji na kuachwa tupu mahali pa mdhamini. Kwa muda mrefu hapakuonekana kasoro, kwa sababu Werkzeug ya zamani ilikuwa imekwisha kukaa ndani ya kompyuta na hakuna aliyeigusa. Ilipofutwa, upungufu wa orodha ukajitokeza.

Dawa yenyewe ni fupi. Ndani ya mazingira ya programu hiyo, amri pip list huonyesha kila programu tegemezi na toleo lake. Ikionekana Flask ni 2.2.2 na Werkzeug imeanza na 3, jambo limebainika. Amri ya kurudisha toleo linalopatana ni hii:

pip install "Werkzeug==2.2.2"

Seva iwashwe tena, na ukurasa ujaribiwe kutoka kompyuta ya karani. Ukifunguka, kazi haijaisha bado. Amri pip freeze > orodha.txt huandika programu zote na namba zake kamili katika faili moja, wadhamini wote wakiwamo. Faili hilo lichapwe na kuwekwa katika jalada la mali za chama. Na kwa kuwa mtandao wa simu vijijini si wa kutegemewa siku ya mizani, ni vyema mafaili ya matoleo hayo yapakuliwe mapema kwa amri pip download -r orodha.txt -d akiba, ili folda ya akiba itumike hata pasipo intaneti.

Haifai kuhitimisha kwamba programu zisiboreshwe kamwe. Matoleo mapya huziba mianya ya usalama, na chama kinachobaki na ya zamani milele kinajitafutia shida ya namna nyingine. Ubaya ulikuwa katika wakati na namna ya kufanya. Maboresho na yafanywe msimu ukiisha, kwanza juu ya nakala iliyo katika kompyuta nyingine, Flask na Werkzeug zikipandishwa pamoja. Karani aijaribu nakala hiyo kwa stakabadhi kadhaa. Kisha Kamati iridhie na muhtasari uandikwe. Fundi anayebeba namba za matoleo kichwani mwake hana tofauti na mtunza ghala asiyeandika leja. Huenda ni mwaminifu kabisa, lakini akiugua ghala halisomeki.

Zimebaki stakabadhi za karatasi za siku hiyo. Ziingizwe katika rejista kwa tarehe ya mizani, si tarehe ya kuingizwa, na kila moja kwa namba yake ya kitabuni, ili isitokee stakabadhi moja kuingizwa mara mbili na makarani wawili. Mmoja asome, mwingine aandike. Jumla ya kilo ilinganishwe na leja ya ghala kabla ya hesabu ya malipo kuandaliwa, na tofauti yoyote itafutwe siku hiyo hiyo, wakati wakulima bado wanakumbuka walichopima. Katibu na mtunza ghala ndio watakaotia saini chini ya ukurasa huo.