AFYA YAKO: MVUKE WA PETROLI NDIO UNAOWAKA

Ndugu msomaji, petroli inatusaidia katika kazi nyingi. Kwenye mialo ya Musoma, wavuvi wanaitumia kuendesha injini za mitumbwi. Mafundi wa Bunda wanaoshea vipuri vya pikipiki. Maseremala na wapaka rangi wa Butiama wanatumia tina, maji makali ya kupunguza uzito wa rangi. Tina nayo huwaka upesi kama petroli.

Vitu hivi vinaweza kutuunguza na kutuua. Leo tujifunze namna ya kujikinga.

Petroli inawakaje?

Watu wengi hudhani kwamba petroli huwaka pale tu inapoguswa na moto. Sivyo. Petroli hutoa mvuke wakati wote, hata palipo na baridi. Mvuke huu hauonekani kwa macho. Ukichanganyika na hewa, cheche moja inatosha kuuwasha.

Tena, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, karibu mara 3 hadi 4. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mashimoni, na hujikusanya sakafuni au ndani ya mtumbwi.

Tuchukue mfano. Fundi amemimina petroli ndani ya beseni ili aoshe vipuri. Hatua chache kutoka pale, mama lishe ana jiko la mkaa. Hakuna aliyepeleka moto kwenye beseni. Lakini mvuke unatambaa chini hadi jikoni. Unawaka, na moto unarudi mbio hadi kwa fundi. Hapo petroli ndiyo iliyoufuata moto.

Dumu tupu nalo ni hatari. Petroli imekwisha, lakini mvuke umebaki ndani. Usilichomelee wala kulikata kwa moto.

Tukumbuke Morogoro

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walifariki. Ukiona lori la mafuta limepinduka, kimbia mbali, na uwazuie wengine wasisogee.

Mambo ya kufanya kazini

1. Fanyia kazi nje, au mahali penye hewa ya kutosha.
2. Weka mbali jiko, sigara, kibatari na mashine ya kuchomelea.
3. Zima injini na uiache ipoe kabla ya kuongeza petroli.
4. Weka petroli katika chombo imara chenye kifuniko. Usiiweke katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaweza kuinywa.
5. Usilaze petroli katika chumba mnacholala.
6. Oshea vipuri kwa sabuni na maji. Kwa grisi ngumu, tumia dizeli kidogo. Dizeli nayo huwaka, lakini haitoi mvuke upesi kama petroli.
7. Usioshe mikono kwa petroli. Huharibu ngozi. Tumia sabuni.
8. Usivute petroli kwa mpira na mdomo. Tumia pampu ya mkono.
9. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu na kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Kwa hiyo kijana anayejifunza kazi asione haya kuuliza: "Fundi, mchanga wa kuzimia moto uko wapi?"

Ajali ikitokea

Petroli ikiwaka, usiimwagie maji. Petroli huelea juu ya maji, na moto utasambaa. Moto ukiwa mdogo, mwagia mchanga. Ukiwa mkubwa, kimbieni, kisha pigeni simu ya zimamoto, namba 114.

Nguo zikiwaka, usikimbie. Lala chini na ubingirike. Mwenzako akufunike kwa blanketi zito.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mvue pete na saa mapema. Nguo iliyoganda kwenye kidonda usiibandue. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpeleke kituo cha afya.

Aliyemeza petroli asitapishwe. Usimpe maziwa ili atapike. Akitapika, petroli inaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Mpeleke hospitali haraka, hata kama anasema hajambo.

Nguo ikilowa petroli, ivue mara moja, mbali na moto. Osha ngozi kwa sabuni na maji mengi.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Ndoo ya mchanga haina gharama kubwa. Kusogeza jiko hakuna gharama kabisa. Kidonda cha moto kinaweza kuchukua miezi kupona, na mtu aliyekufa harudi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini jiko lililo mbali na petroli linaweza kuleta moto?
2. Kwa nini hatuzimi moto wa petroli kwa maji?
3. Kijijini kwenu petroli inawekwa wapi? Watoto wanaweza kuifikia?
4. Mtafanya nini wiki hii ili kuondoa hatari hiyo?