Mwaka wa Kwanza wa Sayansi ya Kompyuta

Mhadhiri wa sayansi ya kompyuta anajibu maswali ya vijana waliomaliza kidato cha sita wanaojiandaa kuingia chuo kikuu.

Swali: Dokta, nimesoma PCM lakini sijawahi kuandika programu. Nitawaweza walioanza mapema?

Jibu: Utawaweza. Watakutangulia majuma ya mwanzo tu. Wanaopata sapu mwaka wa kwanza mara nyingi wameangushwa na hisabati: mantiki, seti, uthibitisho. Lugha ya programu hujifunzwa kwa kuitumia kila siku. Uthibitisho humtaka mtu atulie na kalamu, na wengi hawakuzoea.

Swali: Hisabati hiyo ina kazi gani kwenye kompyuta?

Jibu: Kubwa sana. Chukua orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti. Ukitafuta jina moja kwa kupitia orodha kuanzia mwanzo, huenda ukayasoma yote. Sasa anza katikati. Kama si lenyewe, tupa nusu ambayo haiwezi kuwa nalo, kisha nenda katikati ya nusu iliyobaki. Hatua 20 zinatosha. Majina yakifika 1,000,000,000, zinatosha 30! Hakuna kompyuta mpya utakayonunua ikakupa nafuu ya namna hiyo. Kujua kwa nini ni 20, na kuweza kuthibitisha, ndiko kusoma fani hii.

Swali: Sina laptopu, nina simu tu.

Jibu: Anza hivyo hivyo. Zipo programu za simu zinazoendesha Python, na chuoni kuna maabara. Wahi asubuhi kabla hazijajaa. Bumu likitoka, laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 8 itakufaa.

Swali: ChatGPT inaandika programu yote kwa sekunde chache. Kwa nini nihangaike?

Jibu: Nakuomba, mwaka wa kwanza usidese, si kwa mwenzako wala kwa mashine. Utafutaji ule wa kugawa nusu ulikuwamo kwenye maktaba ya Java, umeandikwa na mabingwa. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeuandika, alieleza kwamba ulikuwa na kosa lililojificha kwa takriban miaka 9. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho, kisha ikagawa kwa 2. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla ilipita 2,147,483,647, kikomo cha namba ya biti 32, ikageuka kuwa hasi. Anayedesa ataionaje hitilafu kama hiyo?

Swali: Nifanye nini kabla chuo hakijafunguliwa?

Jibu: Andika utafutaji huo mwenyewe, kwanza kwenye karatasi. Kisha ujaribu kwa orodha tupu, orodha ya jina moja, na jina ambalo halimo. Ukigoma, usiufute, fuata mstari mmoja mmoja ukiandika pembeni thamani ya kila kigezo, mpaka uone ulipopotea.