Mstari wa kabichi alioacha baba

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, kwetu ni karibu na Lukozi. Mwezi wa tatu baba alianguka shambani bondeni akipalilia kabichi, hakuinuka tena. Mimi ndiye wa kwanza, nyuma yangu wako watatu, na mama bado amekaa eda. Kabla ya msiba nilikuwa Kariakoo nashusha magunia ya viazi. Posa nilishapeleka Soni, wakataja mahari, nikatoa nusu. Sasa baba mdogo anasema tuuze shamba la bondeni tulipe madeni ya marehemu, kisha mimi nirudi Dar. Kwa mchumba wanauliza harusi lini, na nasikia kuna mwalimu anabisha hodi. Majirani walitusaidia kuvuna kabichi zote, isipokuwa ule mstari aliokuwa akiupalilia baba, hakuna aliyeugusa. Tangu tumzike sijatoa chozi. Watu wananisifu kwamba nimekuwa mwanaume. Nishike lipi?
Wa Kwanza, Lukozi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pa chozi. Hao wanaokusifu wanakupenda, ila wamekubebesha mzigo. Mimi nilipofiwa na baba niliwapikia waombolezaji chai na maharage hadi matanga yakaanuliwa, jicho kavu. Miezi mitano baadaye nikateremka basi Mombo, nikajikuta natafuta kwa macho mtu wa kunipokea begi. Nililia pale pale stendi, mbele ya wauza matunda. Lako nalo litakuja. Usilikimbize.

Tuje kwenye bonde. Kwetu milimani shamba la mteremko linakulisha mvua ikinyesha. La bondeni linakulisha kiangazi, maji ya mfereji yakiwa bado yanapita na karoti na hoho zina bei. Anayeuza bonde ameuza kiangazi chote cha wadogo zako.

Baba yako mdogo ana haki kwa jambo moja: madeni ya marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Lakini deni huthibitishwa. Ombeni kikao cha ukoo, kila anayedai aje aseme, yaandikwe majina na kiasi. Kikao hicho hicho kimpendekeze msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake muupeleke Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Kabla ya hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza hata tuta moja. Kwa mirathi ya Kiislamu mama yako ana thumni yake, na palipo na mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hana fungu. Mwambie hayo kwa adabu, ukishamwamkia na kukaa chini, maana ndiye atakayesimama nawe Soni. Mama naye aulizwe. Eda haimfungi kinywa. Na wanaodai wakikubali kusubiri, mazao ya bondeni yanaweza kuwalipa kidogo kidogo, ardhi ikabaki.

Wanaotaka urudi Dar watakutajia Mbegha. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia jinsi ndugu zake walivyomnyima urithi huko Nguu kwa kuwa alikuwa kigego, akaondoka na mbwa wake wa kuwinda, mwisho akatawala Vugha. Kisa hicho nimekipenda tangu utotoni. Lakini Mbegha hakuacha nyuma mama edani na wadogo watatu. Kariakoo itakuwepo mwakani pia.

Kwa mchumba nenda mwenyewe, mshenga akishatangulia. Mahari ni haki yake binti. Akiridhia, nusu iliyobaki yaweza kubaki deni, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiibatilishi ndoa kwa sababu mahari haijatimia. Hivyo si pesa inayokuzuia. Muulize kama yuko tayari kuingia nyumba yenye mama mjane na watoto watatu wa kulea. Mwambie yote, hata madeni, halafu mpe muda ajibu, bila kumsema vibaya yule mwalimu. Akimchagua yeye itakuuma, na sitakudanganya kwamba itapita upesi. Lakini mke aliyeingia bila kujua ataumia zaidi yako, na wadogo zako wataumia pamoja naye.

Hayo yote yanaweza kungoja siku mbili. Kesho alfajiri, ukungu ukiwa bado haujainuka, chukua jembe la baba ushuke bondeni. Simu iache nyumbani. Kabichi za ule mstari huenda zimeshapasuka, magugu yamezifunika. Palilia hivyo hivyo, anzia pale alipoishia, ufike mwisho. Mdogo wako anayekufuata akitaka kwenda nawe, mwache aje.