Dondoo muhimu: Katamarani ya kwanza ya mashindano kwa mabaharia wawili

Nunueni chombo ambacho wengine tayari wanashindana nacho kwenye ufuo wenu, hata kama kipo cha kasi zaidi. Vyombo vya aina moja hupima ustadi. Chombo kisicho na wenzake hushindana kwa hesabu za kufidia muda, nanyi hamtajua mmeshindwa na mpinzani au na kanuni. Kwa hoja hiyo Hobie 16, kazi ya Mmarekani Hobie Alter, bado inafaa pale ilipo na wenzake: ina urefu wa mita 5.05, na kwa kuwa haina mbao za kushushwa majini, hutua mchangani bila hofu.

Watasema ni ya kizamani na huzamisha omo upepo ukiwa mkali. Kweli huzamisha, lakini dawa yake, kurudisha uzito tezi mapema, mtaihitaji kwenye katamarani yoyote. Nacra 17 ya Olimpiki huinuka juu ya maji kwa mabawa, na kosa dogo huko huumiza mwili na mfuko.

Jipimeni pia: kanuni za Hobie 16 zinataka wawili wafikishe kilo 129.3, wakipungua hubebeshwa uzito wa ziada. Na kama ni ya mtumba, bonyezeni sitaha kwa kidole gumba, hasa mbele ya nguzo za fremu. Ikibonyea, ondokeni.