Bizari ya manjano na ini lililodhurika

Msomaji, chukua mfano wa nyumba moja ya kupanga huko Shanzu. Mume anameza dawa za kifua kikuu, na sasa ni wiki ya tano. Asubuhi moja mkewe anaona weupe wa macho yake umegeuka manjano, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Jirani anamwambia: "Shoga, usihangaike. Mchemshie bizari ya manjano kwa maziwa, utie na pilipili manga. Manjano hutolewa kwa manjano." Je, ungekuwa wewe, ungemsikiliza?

Jirani huyo hakubuni. Wanasayansi wamekuwa wakiichunguza bizari kwa miaka mingi, na wana sababu.

Ini, lililo upande wa kulia chini ya mbavu, ndilo huvunjavunja dawa na sumu. Taabu ni kwamba mara nyingine kinachotokana na kazi hiyo ni kibaya kuliko kilichomezwa. Mathalani Panadol. Ukimeza tembe mbili, sehemu ndogo hugeuka sumu kali, lakini ini lina akiba ya kinga iitwayo glutathioni inayoituliza papo hapo. Ukizidisha kipimo, akiba huisha na sumu huishambulia nyama ya ini lenyewe. Dawa kadhaa za kifua kikuu nazo zaweza kulidhuru ini kwa baadhi ya wagonjwa, hata wakizimeza kwa kipimo sahihi.

Sasa, kurkumini iliyomo katika bizari, na silimarini itokayo katika mbegu za mmea wa miiba wa nchi za Mediterania, huonekana kupunguza madhara ya namna hiyo. Katika maabara, panya hupewa karboni tetrakloridi, kemikali iliyotumiwa zamani na madobi kusafishia nguo bila maji. Wale waliopewa pia dawa ya mmea, maini yao huharibika kidogo kuliko ya wenzao.

Lakini angalia jaribio lenyewe linavyofanywa. Mara nyingi panya hupewa mmea kwanza, kisha sumu. Tena hupewa kiasi kikubwa mno kikilinganishwa na uzito wake, si kijiko cha mchuzini. Mume wetu wa Shanzu amekwisha kudhurika; kwake mpangilio umepinduka.

Ni kweli kwamba huko Ulaya madaktari humtia silibinini, sehemu ya silimarini, katika mshipa mgonjwa aliyekula uyoga wa sumu, nayo huzuia sumu isiingie ndani ya ini. Hiyo hata hivyo ni dawa iliyosafishwa na kupimwa, na hutolewa hospitalini chini ya uangalizi. Haifanani na kikombe cha majani.

Na ile pilipili manga? Mwaka wa 1998 watafiti walionyesha kwamba kiini chake huongeza takriban mara 20 kiasi cha kurkumini kinachoingia katika damu ya binadamu. Watengenezaji wa vidonge wakalipenda jambo hilo. Mwaka wa 2022 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 10 ambao maini yao yalidhurika kwa bidhaa za bizari. Watano walilazwa, na mmoja akafariki. Bizari ya kuungia pilau haikuhusika, kwa hiyo usimwage iliyo jikoni. Vidonge ni jambo jingine.

Basi mke afanye nini? Ampeleke mumewe kliniki anakochukulia dawa siku hiyo hiyo, kabla hajameza kipimo kingine, pamoja na pakiti zote na mitishamba yote aliyotumia, bila kuficha. Damu itapimwa. Ikibainika kwamba dawa ndizo chanzo, daktari huzisimamisha, kisha akazirudisha kidogo kidogo ini linapotulia. Mgonjwa asiziache moja kwa moja kwa uamuzi wake, maana kifua kikuu kitarudi, pengine kikiwa sugu.

Aliyezidisha Panadol naye asingoje macho yageuke. Siku ya kwanza huenda akahisi kichefuchefu tu, au asihisi lolote. Dawa yake ipo, huitwa asetilisisteini, nayo huijaza upya ile akiba ya ini. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa kabla ya saa 8 kupita tangu tembe zimezwe. Kutoka Shanzu hadi Hospitali Kuu ya Pwani, pamoja na msongamano wa magari pale Nyali, saa hizo zinatosha iwapo hamtaanza kwa kuchemsha bizari.