Darsa: Kulinda Nafsi na Ulimi Siku za Uchaguzi



Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuweka Uchaguzi Mkuu Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Siku hizo zikaribiapo, watu wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi hawaogopei nyumba zao tu. Wawaogopea na watoto wao walio Nairobi, khasa wale wafanyao kazi katika viwanda vya Industrial Area na kupanga vyumba Viwandani, Mukuru na mitaa iliyo karibu. Kwa hivyo tumeona darsa letu liwe juu ya jambo hili: vipi Muislamu atajilinda siku za uchaguzi, yeye na jirani yake, katika simu yake na katika mwendo wake.

Twaanza kwa kukiri kosa letu. Mwaka 2022 kura zilipigwa tarehe 9 Agosti, na matokeo ya Urais yakatangazwa tarehe 15. Usiku mmoja katika siku hizo za kungoja, ilitufikia sauti katika simu: mtu asiyejitaja jina alia kuwa Viwandani nyumba zateketezwa, na watu watolewa nje mmoja mmoja kwa kabila zao. Tulikuwa na jirani yetu, mama mmoja, ambaye mwanawe alipanga chumba huko. Tukaona ni wajibu wetu kumpelekea sauti ile. Mama akampigia mwanawe, akamwamsha usingizini, akamsihi aondoke saa ile ile. Kijana akatoka saa nane za usiku, kwa miguu, akaishika barabara ya Lunga Lunga. Hakufika mbali. Wezi walimpiga, wakamvunja mkono, wakamnyang'anya simu. Kulipokucha, majirani zake walifungua milango yao kama desturi. Hapakuwa na nyumba hata moja iliyoungua.

Tulimtaka radhi yeye na mamake, nao wametusamehe. Lakini mkono ule haukurudi kama ulivyokuwa.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 83, amewalaumu watu ambao ikiwafikia khabari ya amani au ya khofu huitangaza papo hapo, wala hawairejezi kwa Mtume (S.A.W.) na kwa wenye mamlaka ili wajuao waichunguze. Angalieni, ndugu zetu, lawama haikuwekwa juu ya mwenye kutunga uwongo peke yake. Imemfika na mwenye kutangaza kabla ya kuchunguza. Na katika Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuihakikishe khabari ya mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Nia yetu usiku ule ilikuwa njema, wala nia njema haikuuzuia mkono usivunjike.

Wakaazi wa Industrial Area walikwisha pata somo la kukimbilia neno kabla ya kulipima. Tarehe 12 Septemba 2011, katika kijiji cha Sinai, mafuta ya petroli yalivuja kutoka bomba, yakaingia mferejini. Watu wakaitana, wakaja na ndoo na madumu kuteka. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Khabari ile ilikuwa ya kweli: mafuta yalikuwako. Basi ikiwa khabari ya kweli yaweza kuua watu kwa haraka yao, itakuwaje ya uwongo?

Na uwongo wa siku za uchaguzi tumeuona. Baada ya matokeo ya Desemba 2007, jumbe za chuki zilipita katika simu huku watu wakichinjana. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu maiti 1,133. Mitaa ya Industrial Area ina watu wa kila kabila, ukuta wa bati ukiwatenga. Neno baya likiingia katika chumba kimoja, chumba cha pili husikia.

Huenda mtu akauliza: "Je, nikinyamaza na khabari ikawa kweli, si nitakuwa nimewaangamiza watu?" Jawabu yetu ni kuwa hatusemi unyamaze. Twasema uulize. Mpigie aliye pale, umwulize: "Waona nini kwa macho yako?" Akisema haoni kitu, khabari ile ife kwako. Akisema aona khatari, mshauri ajifungie ndani au aende kwa jirani amwaminiye, naye apige 999 au 112 kwa polisi, au 1199 kwa Msalaba Mwekundu. Khabari ya khatari mpelekee awezaye kuizuia, usiipeleke kwa watu mia wasio na la kufanya ila kuogopa.

Na ikiwa khabari ni ya hesabu za kura, mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi iliziweka fomu 34A za vituo katika intaneti, kila mtu azitazame. Mwenye shaka na aitazame fomu, asitegemee maneno ya kijiweni.

Baada ya ulimi, yafuatayo ni ya kujilinda.

Kwanza, kitambulisho na simu. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakupata kujiunga navyo. Usimpe mtu kitambulisho chako wala namba yake kwa ahadi ya unga au ya pesa. Namba ya siri uletewayo katika simu usimwambie yeyote, hata akijidai ni mkubwa wa shirika la simu.

Pili, kura ni siri yako. Usiipige picha karatasi uliyotia alama, kwani atakaye picha hiyo ni yule anunuaye kura. Rushwa ya kura ni haramu, na sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 imeikataza.

Tatu, mwendo. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili za asubuhi. Atokaye zamu ya usiku na aende mapema pamoja na mwenzake, bila nguo za chama. Akimaliza, arudi nyumbani. Simu iwe na moto, na wazazi wajue jina na namba ya jirani mmoja wa mwana wao huko aliko.

Nne, jirani. Sheria ya mwaka 2008 ya uwiano wa kitaifa iliweka faini ya hata shilingi 1,000,000, au kifungo cha hata miaka mitatu, au yote mawili, kwa mwenye kuchochea chuki za kikabila. Lakini Muislamu hangoji faini. Jirani wa ukuta wa bati ana haki juu yako, awe wa dini gani na awe amempigia nani kura.

Kila msomaji na ampigie leo aliye wake huko Nairobi, wakubaliane nani ataulizwa siku ya khofu. Tulichelewa kufanya hivyo, na mwana wa mwenzetu akalipa.

Mwenyezi Mungu atulinde na shari ya ndimi zetu. Amin.