NGUO YA KUJIFICHA NA NGUO YA SAFARI

Somo kwa vikundi vya parokia

Masomo ya kusoma: Mwanzo 3:7-24, 1 Samweli 2:18-19, Matendo 9:36-42



Katika somo hili tunataka kujifunza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, lisilostahili kusemwa mbele ya kusanyiko: kujishonea nguo kwa mikono yetu wenyewe wakati maisha yamepinduka. Tunasema kupinduka kwa maisha kwa maana ya mume kufa, ndoa kuvunjika, vita kufukuza watu katika mji, ama kazi kwisha. Siku kama hizo nguo ni kati ya vitu vya kwanza kupotea. Nyumba inaungua pamoja na kabati. Watu wanakimbia na kikwembe kimoja kiunoni. Ama ndugu wa marehemu wanakuja baada ya matanga, wanafunga masanduku, na mjane anabaki na nguo ya kilio tu.

Hayo si hadithi kwetu. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka Goma na kumeza mitaa mizima. Tangu 2022 maelfu ya watu walikaa chini ya maturubai huko Kanyaruchinya na Bulengo, kandokando ya Goma, na mwanzoni mwa 2025 wakaondoka tena, wengi bila kujua wanakokwenda. Wazee wetu wa imani nao walijua njia hiyo: tangu 1921 serikali ya Wabelgiji iliwatoa katika vijiji vya Kongo ya Chini na kuwapeleka mbali, hata kwetu katika nchi za juu. Tata Simon Kimbangu mwenyewe alikaa miaka 30 katika gereza la Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, hata alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Basi Kanisa letu ni Kanisa la watu waliohamishwa. Tusione haya kuzungumza habari za nguo.

1. NGUO MBILI ZA MWANZO

Fungueni Mwanzo, mlango wa tatu. Humo tunakuta kushona mara ya kwanza katika Maandiko. Adamu na Eva, walipojua kwamba wako uchi, walishona majani ya mtini. Walishona kwa haraka na kwa hofu, na wakaenda kujificha kati ya miti. Tunaita hiyo nguo ya kujificha. Nyote mnajua jani lililokatwa linavyokuwa: asubuhi ni bichi, jioni limenyauka.

Sasa shukeni mpaka mstari wa 21. Mungu mwenyewe anawatengenezea nguo za ngozi na kuwavika. Angalieni vizuri utaratibu wa mistari. Mstari wa 21 Mungu anawavika. Mstari wa 23 anawatoa katika bustani. Hakuwafukuza kwanza ndipo awatupie nguo mlangoni. Aliwavika wangali mbele yake, kwa sababu alijua kwamba huko waendako kuna miiba, jua na kazi ya jasho. Hiyo ndiyo nguo ya safari. Hukumu ilibaki hukumu, wala bustani haikurudishwa. Lakini Mungu hakukubali watu wake waingie katika taabu wakiwa wamevaa majani.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Mtu aliyepatwa na msiba anaweza kushona ili ajifiche, na anaweza kushona ili asafiri. Mwenye kushona ili ajifiche anataka majirani wasijue kwamba ameanguka. Anakopa franka, anatafuta kitambaa cha bei kubwa, anampelekea fundi; nguo inakwisha na deni linabaki. Mwenye kushona ili asafiri anajiuliza maswali mengine: Kesho nitavaa nini kwenda shambani? Watoto watavaa nini shuleni? Nitasimama na nini mbele ya Mungu siku ya ibada?

2. NGUO NA AMRI ZETU

Tumefundishwa mambo matatu: Upendo, Amri na Matendo. Katika amri zetu imo ile ya kutolala uchi na kutooga uchi. Mwenye kabati iliyojaa hafikiri sana juu ya amri hiyo. Lakini mfikirie mama mwenye kikwembe kimoja tu. Akikifua, atavaa nini kikikauka? Akioga, atajifunika na nini? Akilala, na kimeloa mvua, atafanya nini? Kwa mama huyo kikwembe cha pili si urembo. Ni njia ya kushika amri.

Kwa hiyo tunashauri utaratibu huu kwa yeye anayeanza tena bila kitu. Kwanza, nguo ya usiku na ya kuogea. Pili, nguo ya kazi. Tatu, nguo ya ibada. Wengine hugeuza utaratibu huu kwa sababu ya macho ya watu, wakianza na nguo ya kutokea. Lakini Mungu anakuona hata usiku wa manane, na heshima ya mwili huanza pale mtu alipo peke yake.

3. KAZI YA MIKONO: JINSI YA KUANZA

Shemasi akisema tu “shoneni”, bila kuonyesha namna, amewatwika watu mzigo. Tufuate basi kazi yenyewe.

Kitenge kizima kina yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, nacho hutoa vikwembe 3 vya yadi 2. Upana wake mara nyingi ni kama sentimeta 115. Kabla ya kukata, kiloweke, kifue na kukianika, kwa maana pamba hujikunja ikifuliwa mara ya kwanza. Nguo iliyokatwa kabla ya kufuliwa inaweza kukubana baadaye.

Kikwembe cha kwanza kiwe sketi. Kikate katikati ya urefu wake, upate vipande viwili vya sentimeta 91 hivi. Viunganishe kando kwa kando, kwenye zile kingo za kitambaa zisizofumuka. Juu kunja sentimeta 4, uache tundu la kupitisha mpira wa kiunoni. Chini kunja pindo la sentimeta 4. Utapata sketi pana inayoshuka chini ya magoti, ambayo mtu anaweza kuinama nayo shambani bila kufunuka.

Kikwembe cha pili kiwe libaya. Usipojua kukata, chukua libaya kuukuu lililochoka, lifumue polepole mshono kwa mshono, panga vipande vyake juu ya gazeti na kuvichora. Huo ndio mfano wako, na utakufaa miaka mingi. Ongeza sentimeta 1 na nusu za mshono kila upande. Lakini kwenye ubavu acha sentimeta 3. Kwa nini? Kwa sababu mtu mwenye huzuni hukonda, na Mungu akimfariji hunenepa tena. Shona nguo inayoweza kukungojea.

Kikwembe cha tatu usikikate. Hicho utajifunga usiku, utajifunika ukioga, utabebea mtoto, utafungia mizigo mkilazimika kuondoka tena.

Mashini ni kitu kizuri, lakini kukosa mashini si sababu ya kukaa. Sindano na uzi vinatosha. Shona kwa mshono wa kurudi: choma sindano mbele, rudi nyuma nusu ya hatua, halafu tokea mbele tena. Mshono huo ni wa polepole, lakini hukaza. Uzi ukikatika mahali pamoja, sehemu nyingine inashika. Usipokuwa na mita ya fundi, chukua kamba na kuifunga mafundo: moja la kiuno, moja la kifua, moja la urefu.

Kwa nguo ya ibada, rangi zetu ni kijani na nyeupe. Shuka nyeupe iliyochoka katikati bado ni nzima pembeni. Pembeni hapo panaweza kutoka blauzi na kitambaa cha kichwa. Shati jeupe la mwanaume lililonunuliwa kwenye nguo za chagua laweza kupunguzwa likawa blauzi ya mama au shati la mtoto. Kitambaa cha kijani kifuliwe peke yake mara za kwanza, kisichafue cheupe.

Kwa watoto tunajifunza kwa Hana. Kila mwaka alimletea Samweli kanzu ndogo, na mtoto alikuwa mbali naye, akikua bila mama kumwona kila siku. Lazima Hana alikuwa akikisia ukuaji wake. Basi kwa mtoto acha pindo kubwa, hata sentimeta 6, ulishushe mwaka kwa mwaka. Mama anayeacha pindo kubwa anakiri kwamba mtoto wake ataishi na kukua. Hiyo nayo ni imani.

Tusiwaachie mama peke yao kazi hii. Katika masoko yetu mafundi wengi wa kushona ni wanaume. Baba aliyefiwa na mke asiseme hawezi kutia kiraka katika shati jeupe au suruali ya bluu ya mtoto wa shule.

4. YALE AMBAYO KUSHONA HAKUFANYI

Hapa lazima tuseme wazi, ili somo hili lisitumiwe vibaya. Mjane akinyang'anywa vitu vyake, tusimwambie, “Nenda ushone vingine, umsamehe shemeji,” kisha tukanyamaza. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inamhesabu mjane kati ya warithi. Shemasi na wazee wa parokia wana kazi ya kwenda naye kwa ndugu hao, kusema kwa upole na kwa ukweli, na ikilazimika kumsindikiza mbele ya wenye kuhukumu. Kushona hakufanyi unyang'anyi kuwa halali.

Tena, kushona hakuondoi huzuni. Mtu atashona libaya zima, na jioni atalia kama jana. Lakini tumeona katika parokia zetu kwamba mikono iliyofanya kitu humpa mtu sababu ya kuamka kesho yake. Mwenye kunyang'anywa vyote huanza kusema, “Mimi ni mtu wa kufanyiwa tu.” Anafukuzwa, anahesabiwa, anapangwa mstari, anapewa nguo ambazo hakuzichagua. Siku anapokata kitambaa kwa kipimo chake mwenyewe, anarudi kuwa mtu anayeamua. Hatudharau nguo za msaada. Tunazipokea kwa shukrani. Hata hizo, ukizifumua na kuzishona upya kwa mwili wako, zimekuwa zako.

5. NENO KWA WALIO NA NGUO

Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuonyesha barua wala mali. Nguo zile zilikuwa ushuhuda wake. Petro akapiga magoti, akaomba, na Mungu akamrudisha Dorkasi kwa wajane wake.

Basi tunajiuliza: katika parokia yetu, nani anasimama nje ya uzio siku ya ibada kwa sababu hana kijani na nyeupe? Tunawajua. Wanasikia nyimbo kutoka barabarani, halafu wanarudi nyumbani. Wapenzi, vazi letu ni alama ya umoja. Lisigeuke kuwa mlango wa kuwafungia waliopoteza kila kitu. Shemasi anayesimama mlangoni amkaribishe dada huyo na kikwembe chake cha kazi, ampatie kitambaa cha kichwa, amkalishe kati ya wengine. Na baada ya ibada, sio kabla, mama wa parokia wamuulize kipimo chake.

Kila kikundi kinaweza kufanya jambo hili: siku moja kwa juma, mwenye mashini aifungue kwa wengine, mwenye uzi alete uzi, anayejua kukata amfundishe asiyejua, mwenye pasi ya makala aiwashe. Atakayefundishwa leo amfundishe mwingine mwaka ujao. Hapo Upendo, Amri na Matendo vinakutana katika tundu moja la sindano.

6. MASWALI YA KUJADILIANA

a) Katika Mwanzo 3, kuna tofauti gani kati ya nguo ya mstari wa 7 na ile ya mstari wa 21?
b) Nguo tuliyoshona mara ya mwisho ilikuwa ya kujificha au ya safari?
c) Nani katika mtaa wetu ameacha kuja ibadani kwa ajili ya mavazi? Nani atakwenda kwake juma hili?
d) Parokia yetu ina mashini ngapi zinazofanya kazi, na ziko kwa nani?
e) Mjane wa kwetu akinyang'anywa vitu vyake, wazee wetu watafanya nini siku ya kwanza?

Tuombe: Ee Mungu Baba, uliyewavika wazazi wetu kabla ya kuwatoa njiani, uwavike leo watoto wako walio njiani. Ibariki mikono inayoshika sindano usiku kwa mwanga mdogo. Ufungue macho yetu tuwaone walio nje ya uzio. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.